Ncha ya Mbele ya Machela

Mama alivunjika nyonga akivuna maharagwe shambani kwetu, juu ya Mwatate, mahali ambapo gari halifiki. Huko mgonjwa hushushwa barabarani kwa machela: miti miwili ya mkaratusi, magunia ya mkonge yaliyoshonwa katikati, na watu wanne, kila mmoja na ncha yake. Wanaoshika mbele ndio wenye kazi. Njia inashuka vibaya, na wakiacha miti ifuate mteremko, mgonjwa atateleza hadi migongoni mwao. Kwa hiyo huiinua juu ya mabega, pengine juu ya kichwa kabisa, na wa nyuma huishusha hadi magotini, ili mgonjwa alale sawa.

Siku ile walishika binamu zangu. Mjomba, kaka yake mama, alinipa mimi kikapu cha nguo na chupa ya chai, kwa sababu kwetu mtu wa kike hashiki machela. Kwenye kona ya mwamba binamu walichoka, mikono ikashuka, na mama akateleza na nyonga yake iliyovunjika. Ukelele alioutoa sitaki kuueleza.

Alipasuliwa, akapona kiasi, akapandishwa nyumbani. Kupanda hakukumtisha. Lakini daktari alitaka kumwona tena baada ya miezi michache, na alituambia wazi kwamba mfupa usipoangaliwa, huenda mama asitembee tena. Mama akakataa katakata.

"Siteremshwi mimi," akasema. "Huyo daktari akinitaka, apande yeye."

Nilimbembeleza, nikakasirika, nikambembeleza tena. Mwishowe akasema, "Nitashuka wewe ukiwa mbele. Nione kisogo chako."

Mjomba alicheka. Mimi sikucheka. Urefu ninao, nimeurithi kwa marehemu baba, lakini mabega yangu yalikuwa ya mtu anayeshinda kwenye kiti cha ofisi mjini Voi. Nikianika blanketi lililolowa, lazima nipumzike katikati.

Nikatafuta mahali pa mazoezi. Jimu niliyoipata Voi iko nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma, upande wa reli. Vyuma vyake vingi ni mikebe ya rangi iliyojazwa simiti. Kocha ni mtu wa magharibi mwa nchi aliyeletwa na kazi ya reli, kazi ikaisha, yeye akabaki. Siku ya kwanza nilimweleza habari ya mama bila hata kukaa. Akanisikiliza, kisha akanipa bomba tupu.

"Hili ni la nini?"

"La mabega, madam."

"Si halina uzito?"

"Inua kwanza, ndio utaniambia."

Niliudhika. Pembeni yangu vijana walilala kwenye benchi wakisukuma mikebe na kuguna, kila mmoja akikitazama kifua chake kwenye kioo. Mimi nilipewa bomba kama mtu anayetumwa kurekebisha mfereji. Nikaliinua juu ya kichwa, nikalishusha, nikaliinua. Haikuchukua muda, mikono ikaanza kutetemeka na ulimi ukaacha kubishana.

"Bega linazunguka kila upande," kocha akaniambia. "Hiyo ndiyo raha yake, na hiyo ndiyo shida yake, linaumia haraka. Kila kitu utakachobeba kitapitia hapo. Hawa wote wameanza na kifua. Waulize ni wangapi sasa wanashindwa kuvaa shati bila kulalamika."

Mmoja alijifanya kufunga kamba za viatu.

Nikafundishwa kukaza tumbo, kushusha mbavu, kutopinda mgongo ili kujipunguzia mzigo. Nikafundishwa kuvuta ukanda wa mpira wa tyubu hadi usoni, kwa ajili ya nyuma ya bega, upande ambao kioo hakiuonyeshi. Nilifanya yote, lakini moyo haukutulia. Ofisini niliinua rimu za karatasi juu ya kabati na kuzishusha mpaka wenzangu wakaniuliza natafuta nini. Nikipiga mswaki, mkono wa pili uko hewani. Kila nikimpigia mama simu, aliuliza kama nimepata nguvu, nami nilijibu bado kidogo, nikakata simu nikiwa na hofu tele. Tarehe ya kliniki haikuwa inanisubiri mimi.

Ndipo siku moja, kocha akiwa ametoka, nikafunga mikebe miwili kwenye bomba. Niliinua mara chache tu, bega la kushoto likanichoma. Aliporudi alinikuta nimelishika. Hakufoka. Alifungua mikebe, akanirudisha kwenye bomba tupu.

Nililia kwa hasira mbele ya wale vijana. Nikamwambia anafanya hivyo kwa sababu hana mama.

"Ninaye," akasema. "Ndiyo maana sitaki wako umwangushe."

Nikarudi kwenye bomba. Bega likapoa. Mikebe ikaanza kurudi polepole, kwa ruhusa yake sasa, na karibu na mwisho alinitoa nje nitembee kando ya karakana nikiwa nimeshikilia chuma juu ya kichwa, vumbi jekundu likinijaa puani, wachomeleaji wakiniuliza napeleka wapi bomba la watu. Sikuwajibu. Pumzi nilikuwa na mahali pa kuitumia.

Asubuhi ya kushuka kulikuwa na ukungu. Mama alilazwa kwenye machela, miguu ikielekea mbele, nami nikashika ncha ya kulia. Binamu alishika ya kushoto. Mjomba alisimama nyuma na mwanawe mwingine.

"Ukichoka useme," mjomba aliniambia. "Usituue kwa aibu."

Tulishuka. Sikuweza kugeuka kumtazama mama, lakini nilimsikia kupitia mti. Alikuwa ameushika kwa mikono yote miwili, na mtetemeko wake ulifika hadi viganjani mwangu. Nikakaza tumbo, nikashusha mbavu. Njia ilipoinama zaidi niliinua ncha juu ya kichwa, binamu akanifuata, na mabega yakawaka moto. Nilijua ule moto. Haukuwa ule wa kuumia.

Tukafika kona ya mwamba. Binamu alianza kuhema, nikamkemea ashikilie. Tukaweka mguu mmoja chini ya mwamba, kisha mwingine. Hapo mtetemeko ukakatika. Mti ulikuwa kimya kabisa mikononi mwangu.

"Mama?"

Hakujibu. Nilifikiria moyo wake, nilifikiria hofu niliyomtia kwa kumlazimisha, nikafikiria kuiacha ile ncha nigeuke.

"Mama! Mjomba, mama ana nini?"

"Tembea," mjomba akasema kwa sauti ya chini. "Na upunguze kelele, utamwamsha."