Jina la Aliyekataa Kuja

Mtaani kwetu, katika zile nyumba kuukuu za kanjo, yaani baraza la jiji, huku Eastlands, daftari la matanga lilikuwa linakaa kwangu. Marehemu baba alikuwa karani wa kanjo. Aliniachia nyumba yake ya vyumba viwili pamoja na mwandiko wake, na kwa kuwa mimi nami nafanya kazi ya ofisi katika shule ya msingi, watu walishaamua kwamba mambo ya kuandika ni yangu. Mtu akifariki, jioni tunakaa nje ya mlango wa wafiwa, daftari linazunguka, kila mtu anaandika jina, nambari ya nyumba na sahihi. Jirani akiwa mgonjwa au yuko zamu kazini, unamwandikia. Ni heshima tu, wafiwa wakisoma baadaye wajue kwamba hata aliyelala kitandani alikuwa pamoja nao. Nimewaandikia wengi hivyo, na nilijiona mtu mwema kwelikweli.

Mlango wa tatu kutoka kwangu aliishi mama mmoja Mkamba, mjane wa dereva wa kanjo. Mtaa mzima tulimwita Susu, yaani nyanya kwa lugha yao. Aliingia nyumba ile akiwa bibi arusi, akazaa humo watoto watano, na humo ndimo alimotolewa mumewe kwenda kuzikwa. Macho yake yalipoanza kufifia, mimi ndiye niliyemjazia fomu zote: za pesa za wazee, za hospitali, za kitambulisho kilipopotea. Nambari yake ya kitambulisho naijua kwa kichwa hadi leo. Na alikuwa na ulimi, yule mama. Aliniita Karani. Nikimpelekea habari za redio kuhusu mipango ya serikali, alikuwa akinisikiliza huku anachambua ndengu, kisha ananiuliza kama na mimi nimeamini.

Basi ukaja mradi wa nyumba. Tuliambiwa mtaa utabomolewa, yajengwe maghorofa, na wenyeji tutakuwa wa kwanza kupewa. Majirani waligawanyika hata kwenye foleni ya maji. Wapo waliosema afadhali, maana choo kimoja kwa milango minane si maisha, na mvua ikinyesha maji taka yanaingia mpaka chini ya kitanda. Wengine waliuliza tutaishi wapi wakati wa ujenzi, na nani ameona funguo za nyumba zilizoahidiwa mitaa mingine. Vijana walisema tunabebwa ufala, tunafanywa wajinga; wazee wakawajibu kwamba vijana hawajawahi kujenga hata banda la kuku. Mimi, niseme ukweli, nilikuwa nautaka ule mradi. Nilikuwa nimechoka kuoga na ndala miguuni nikigongewa mlango.

Sheria inataka wananchi waulizwe kabla, kwa hiyo tukaitwa kwenye kikao cha kutoa maoni. Susu akasema haendi. Nilimwambia asiyekuwepo hana haki ya kulalamika baadaye. Akanikumbusha kwamba alishawahi kwenda kikao cha soko, akapinga mpaka sauti ikamkauka, na ripoti ilipotoka ikasema wananchi walijitokeza kwa wingi. Akasema wale hawaji kutafuta maneno yetu, wanatafuta vichwa vya kuhesabu, na chake hawatakipata. Niliona ni ukaidi wa uzee. Wallahi, nilimhurumia.

Kikao kilifanyika Jumamosi kwenye ukumbi wa mtaa. Maofisa walikuja na kipaza sauti, kreti za soda na mikate. Walipouliza nani ana mwandiko mzuri, vidole vyote vilinielekea mimi. Nikapewa karatasi zilizopigwa mistari: jina, kitambulisho, nyumba, sahihi. Watu walisema yao. Fundi viatu mmoja, jirani yetu ambaye kibanda chake kiko soko la Kariokor, alipinga kwa ukali hadi akapigiwa makofi. Ofisa aliitikia kwa kichwa kwa adabu, kalamu yake ikiwa mfukoni. Huku nyuma minong'ono ikapita kwamba orodha hiyo ndiyo itakayotumika kugawa nyumba mpya, na asiyeonekana humo atakula hewa.

Nikamfikiria Susu. Nikaona uzee na ukaidi vitamkosesha nyumba, atupwe barabarani akiwa na umri ule. Mkono wangu haukusita hata kidogo. Niliandika jina lake, nambari ya kitambulisho, nambari ya nyumba, nikachora na sahihi. Nikachukua soda na mkate wake nikampelekea. Aliponiuliza vimetoka wapi, nikasema vilibaki.

Notisi ya kuhama ilikuja baada ya miezi michache. Ilisema wenyeji walishirikishwa na wakaafiki. Jamani, mtaa ulilipuka! Yule fundi viatu alitaka kujua aliafiki saa ngapi. Alijibiwa kwamba alihudhuria, akatia sahihi, na alichosema ni maoni tu. Tulikuwa tumetia sahihi kama tunavyotia kwenye matanga, kwa heshima ya waliokuja, bila kusoma.

Kukawa na nafasi ya kupinga mbele ya kamati ya malalamiko. Wakili mmoja kijana alijitolea kutusaidia. Aliwasikiliza wote, kisha akakwama kwa Susu. Huyu hakwenda? Hakutia sahihi popote? Akasema hapo ndipo penye nguvu, kwamba mwenyeji ambaye hakuulizwa anaweza kuwasimamisha hadi waanze upya. Susu alifurahi kama msichana. Watu wakaanza kumsalimia kwa mikono miwili, kwa sababu sasa nyumba zote zilikuwa zimeegemea kwake.

Nami nilikuwa najua. Nilikuwa na wiki tatu za kusema. Kila asubuhi nilipita mlangoni kwake nikiwa nimelipanga neno, na kila asubuhi nikamsabahi tu nikaenda kazini. Nilijidanganya kwamba karatasi zile zimepotea, maana ofisi zetu hupoteza kila kitu. Nilikuwa mwoga, basi. Sina jina jingine la kuupa ule ukimya.

Siku ya kusikilizwa nilimsindikiza mimi, nimsomee kitakachohitaji kusomwa. Alivaa kitambaa chake cha kanisani. Alieleza vizuri kwamba hakwenda, kwamba hakwenda kwa makusudi, na akataja sababu. Mwenyekiti akafungua faili, akatoa karatasi, akasoma jina na nambari ya kitambulisho kwa sauti. Akamwuliza kama ni vyake. Kisha akasema kwamba kama si yeye aliyeandika, basi mtu ameghushi sahihi, na hilo ni kosa la jela, kwa hiyo kamati itamwita aliyeshika orodha.

Susu akavaa miwani. Akaisogeza karatasi karibu na pua. Mwandiko ule alikuwa ameuona miaka mingi kwenye fomu zake zote. Aliutazama kitambo, hakunigeukia hata mara moja.

"Ni yangu," akasema. "Nilikwenda. Uzee huu, nilikuwa nimesahau."

Wakili alikaa chini. Nyuma yangu nikasikia watu wakiguna, na mmoja akasema kwa sauti ya chini kwamba bibi ametuuza. Nilikuwa na mdomo. Nilikuwa na miguu ya kusimama. Nilibaki kwenye benchi nimeshika mkoba wake.

Nje nilianza kusema, akanikatiza. "Nyamaza, Karani. Wewe una watoto wa kusomesha."

Tingatinga zilikuja kabla ya mvua. Sasa anaishi kwa binti yake Kayole, ghorofa ya nne, na kwa sababu ya magoti hashuki ila siku za hospitali. Majirani wa zamani hawamtembelei. Mwezi uliopita niliandika barua ya kukiri, nikaipeleka ofisini kwa ile kamati. Karani wao aliigonga muhuri wa kupokelewa, akaitupa juu ya rundo bila kuisoma. Nikapanda ngazi hadi kwa Susu nikamweleza, nikapiga magoti nikamwomba msamaha huku nalia.

Akaniambia niinuke, sakafu ni baridi. Akauliza kama barua ile itabadilisha kitu. Nikasema sidhani.

"Nyumba wangeibomoa tu," akasema. "Serikali ni serikali. Lakini mimi nilikuwa nimewakatalia, mwanangu. Maisha yangu yote ni hilo moja nililowahi kuwakatalia."

Nilisubiri aseme amenisamehe. Aligeuza uso kuelekea dirishani, akaniambia kuna chai kwenye thamosi, nijimiminie.