Mji Uliolia Kisha Ukanyamaza

Mtangazaji alipokufa, mji mzima ulilia. Msusi, dada yake wa tumbo moja, alilifikia jeneza kwa taabu, huku akisukumwa na watu asiowajua, waliokuwa wakijigaragaza chini na kuita, "Sauti yetu! Sauti yetu!"

Kila asubuhi mdogo wake huyo aliwaamsha watu redioni kwa utani, kisha akawataja bila kuuma maneno wakubwa walioiba dawa za hospitali. Polisi walisema alilewa, akaanguka kutoka ghorofani pale redioni. Alilewa! Mtu ambaye hata dawa ya kikohozi ilimtapisha.

Msusi akafunga saluni, akaenda kituoni. Mkuu wa kituo alimpokea vizuri.

"Pole sana, dada. Hata mimi kipindi chake kilikuwa hakinipiti."

"Basi niambie nani alikuwa naye kule juu."

"Dada, tumwache marehemu apumzike."

Akaenda kwa fundi mitambo wa redio, rafiki wa marehemu wa kufa na kuzikana. Fundi hakumkaribisha ndani.

"Siku ile walikuja watu wawili studio," alinong'ona. "Wakaniambia niwapishe. Nikawapisha."

"Unawajua?"

"Dada, nina watoto." Mlango ukafungwa.

Habari zikaenea kwamba msusi anachimba. Wateja waliokuwa wakimwaga machozi kwenye kiti chake wakahamia saluni ya jirani, mmoja mmoja, bila kuaga. Mama yake akamwambia, "Nilizaa wawili, wamenibakishia mmoja. Usinifanye tasa uzeeni."

Kisha mjomba akaja anameremeta. Wakubwa wameamua barabara ipewe jina la marehemu!

"Nilitaka jibu, mjomba. Wananipa lami?"

"Shika unachopewa, mama. Wafu wangapi wana barabara?"

Siku ya sherehe, watu walifurika kama siku ya maziko. Msusi akaitwa kufunua kibao. Akavuta kitambaa, kisha akachukua kipaza sauti.

"Mdogo wangu hakunywa pombe maishani mwake. Kuna watu walikuwa naye. Ni akina—"

Kipaza sauti kikafa. Akageuka. Nyuma ya spika alisimama fundi mitambo, waya aliouchomoa uko mkononi, machozi yanamtiririka.

Msusi akapaza sauti yake mwenyewe: "Ni akina nani?"

Waliokuwa mbele walisikia vizuri. Mmoja akainamia simu. Mwingine, ambaye msusi alimsuka tangu hajaolewa, akashikwa na kikohozi. Bendi ikaanza kupiga, na watu, kwa ahueni kubwa, wakapiga makofi.

Mjomba alimshika kiwiko, akamtoa pale. "Umetuaibisha mbele za watu."

"Watu gani?"

Uchunguzi haukufanyika. Siku hizi msusi anasukia nyumbani kwa mama yake, wateja wachache wanaopitia mlango wa nyuma. Mtu akianza kumsifu marehemu, anamwachia kichwa nusu na kumwambia akamalizie kwingine.