Karatasi ya Masikio ya Cadeau

Wanaosema penye bomba la maji kwamba mkwe wangu Gertrude alizaa kiziwi kwa sababu ya laana, wasome hapa. Nilifundisha shule Uvira, kwetu Kongo, miaka kumi na tisa, sitaandika uvumi.

Gertrude ni fundi cherehani hapa Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi nchini Malawi. Mwaka 2001, mumewe, mwanangu Télesphore, akiwa mtaa wa Area 23 mjini Lilongwe akitafuta vibarua, Gertrude alimzaa Cadeau. Siku ya tatu mtoto alikuwa wa manjano hadi ndani ya macho. Majirani hao hao walishangilia:

“Mama Télesphore, umepata muzungu! Njo rangi ya babu yake!”

Marehemu mume wangu alikuwa mweupe kweli. Nikavimba kichwa.

“Mama, haya macho si mazuri,” alisema Gertrude. “Twende hospitali.”

Nikamjibu kwamba kwetu mzaliwa wa kwanza hatolewi nje kabla kitovu hakijaanguka. Kilianguka siku ya nane. Siku hiyo mtoto aligoma kunyonya.

Tukamkimbiza hospitali ya Lilongwe, wakamlaza chini ya taa ya kuondoa manjano siku sita. Walipomruhusu, nesi alitukabidhi karatasi: baada ya miezi miwili angekuja hospitalini hapo daktari mwenye mashine ya kupima masikio. Manjano kali huweza kuua usikivu, alisema, na anayegundulika mapema husaidiwa mapema.

“Katika ukoo wetu wa Wilondja hakuna kiziwi!” nilifoka. Karatasi nikaificha ndani ya Biblia.

Tarehe ilipofika, karani anayetoa vibali vya kutoka kambini alimzuia Gertrude kwa kukosa karatasi ya hospitali. “Mtoto analia vizuri, anaumwa nini?” Gertrude akarudi mbio kuniuliza iko wapi. Nilimwambia imepotea. Daktari akaja, akaondoka.

Cadeau alipofikisha miezi kumi, sufuria ilianguka nyuma yake. Kuku wakatawanyika, yeye hakugeuka.

“Mama, karatasi iko wapi?”

Nikafungua Biblia. Gertrude akaichukua.

“Kwa kitovu sikulaumu, Mama. Hatukujua. Ila hii, ulijua.”

Safari hii alipata kibali. Mashine ilithibitisha: masikio yote mawili hayasikii. Tangu hapo Gertrude anamfundisha mwanawe kwa ishara za mikono. Mtoto huweka kiganja juu ya meza ya cherehani, na inapotetemeka hucheka.

Basi, ninyi wa bombani, hapana laana hapa. Mkitaka kulichafua jina la Wilondja, anzeni na mimi, na mniambie usoni. Gertrude mwacheni ashone.