Mwizi wa Nywila Alikuja Saa ya Tereré

Kuna mtu alikuwa anajaribu kuingia kwenye akaunti ya bosi wetu kila siku saa ya tereré, chai yetu ya maji ya barafu, na mimi ndiye niliyeapa kumkamata.

Ningejua namtafuta nani, ningejifanya mgonjwa nikabaki nyumbani.

Naitwa Derlis. Kompyuta zote za ushirika wa wakulima wa ufuta, hapa San Estanislao, ziko chini yangu. Ofisi yenyewe ndogo, ila mimi nilikuwa natembea kama nalinda benki kuu.

Mwaka ule nilirudi kutoka semina mji mkuu, Asunción, kichwa kimevimba. Nikaleta sheria mpya za nywila. Iwe ndefu. Isiwe jina la mtoto, wala la mtakatifu, wala la timu ya mpira. Ibadilishwe kila mwezi. Asiijue mtu mwingine. Ukikosea mara tatu, akaunti inajifunga mpaka uje unibembeleze.

Hiyo ya kubembelezwa semina haikusema. Niliongeza mwenyewe.

Watu walinuna. Nusu ya ofisi ilikuwa inatumia jina la Bikira wa Caacupé, msimamizi wetu, na mimi nimewanyang'anya. Zully, katibu wa bosi, aliniambia motoni nina kiti changu kimeshatengwa. Nikacheka.

Haikupita muda, akaunti ya Doña Nimia, meneja wetu, ikaanza kujifunga. Akienda kunywa tereré anaiacha nzima, akirudi imefungwa. Wakulima wako kwenye benchi wanasubiri malipo, na bila yeye hakuna anayelipwa.

Nikamwambia kuna mtu wa ndani anabahatisha nywila yake. Kwa sauti nzito kabisa, kama daktari.

Sasa jiulize. Saa ile ofisi nzima iko uani. Nani hayupo?

Kwetu kikombe cha tereré kinazunguka, mrija mmoja watu wote, mpaka maji ya barafu yaishe. Ukikirudisha ukasema asante, maana yake basi, usijaziwe tena. Don Eligio, mhasibu wetu, alikuwa anasema asante kwenye kikombe cha kwanza. Kisha anaingia ofisini kwake na kufunga mlango.

Mtu gani anakataa tereré kwenye joto lile? Kwangu mimi kesi ilikuwa imekwisha.

Siku moja nikaacha tereré nikajificha ndani nimvizie. Nikachungulia dirishani. Don Eligio amegeukia ukuta, ananong'ona na simu. Jasho linanitiririka, kiu inaniua, lakini moyo umejaa furaha.

Ajabu, siku hiyo akaunti haikujifunga. Nikasema huyu mzee noma, ameshanishtukia.

Nikapeleka maneno kwa Doña Nimia. Alikosa raha kabisa, maana Don Eligio alikuwa pale tangu enzi za baba yake. Lakini mhasibu anayeiba nywila hawezi kubaki. Akasema atamwita uani, atamwachisha kazi kwa heshima, mbele yangu na Zully.

Tukakaa. Kikombe kikazunguka. Zully akaenda ndani kuchapa barua ya kumwachisha, kwa akaunti ya bosi.

"Don Eligio," Doña Nimia akasema, "ukituacha hapa huwa unaenda kufanya nini?"

"Mambo yangu, Doña."

Nikadakia kwamba mambo yake yanamfungia bosi akaunti. Mzee akakirudisha kikombe.

"Naongea na mke wangu," akasema. "Yuko Madrid, analea bibi mmoja. Bibi akilala baada ya chakula ndiyo anapata nafasi, na huku ndiyo saa ya tereré. Nyumbani hakuna mtandao."

Zully akarudi mikono mitupu. Barua haikuchapika. Akaunti ya bosi imejifunga tena, sasa hivi.

Don Eligio alikuwa mbele yetu, mikono juu ya magoti.

Mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikasema basi ana mwenzake, tena namwonyesha hapa hapa. Nikafungua kompyuta yangu kwenye kumbukumbu za mtandao, nikamgeuzia bosi. Siku zote nilikuwa nasoma safu ya saa tu, maana jibu nilishakuwa nalo.

Doña Nimia akavaa miwani.

"Pembeni hapa kuna jina la kifaa," akasema.

"Lisome, Doña."

"Simu ya Derlis."

Akashusha kidole. Simu ya Derlis. Akashusha tena. Simu ya Derlis, mpaka chini.

Nilipoweka wifi ya uani niliijaribu kwenye simu yangu kwa akaunti ya bosi. Kisha sheria yangu ikamlazimisha abadili nywila, na simu haikuambiwa. Kila nikikaa kunywa tereré, yenyewe inang'ang'ania nywila ya zamani mpaka akaunti inajifunga. Siku niliyojificha ndani, mwizi alikuwa ndani na mimi, mfukoni, mbali na wifi ya uani.

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo liliniumiza. Nilimwomba Don Eligio msamaha mbele yao wote.

"Mimi nimekusamehe," akasema. "Lakini maneno yako yalishanifikia, nikamwambia mke wangu kwamba hapa naonekana mwizi, akalia. Kesho utaongea naye wewe."

Kesho yake nikasimamishwa mbele ya simu. Mama mmoja mwenye aproni akanitazama kuanzia nywele.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye," mumewe akajibu.

"Kijana, huyu hawezi kuiba nywila ya mtu. Yake mwenyewe inamshinda. Kila mwezi mkibadilisha, mimi ndiye namtungia, tena namkumbusha kila tukiongea."

Nywila ya mhasibu wetu ilikuwa inatungwa jikoni, Madrid. Kwa sheria zangu nilitakiwa kuifunga akaunti ile papo hapo.

Ndugu msomaji, kabla hujamnyooshea mtu kidole, jipekue kwanza wewe mwenyewe, mifuko yote. Mimi nilimwambia yule mama anatunga nywila nzuri, aendelee hivyo hivyo, nikatoka nikamfungia mlango mumewe waongee.