Peremende Kinywani mwa Shemeji

Usidhani nakusimulia ndoto. Nilikuwa macho, jua la alasiri linawaka, na mikono yangu imejaa shira. Ni hapo Mbuchi, kijijini kwenye mikoko, mwaka wa vita vya Maji Maji.

Kazi yangu ilikuwa kupika peremende. Vita vilipotukimbiza kutoka Mohoro, mimi na mume wangu Salehe, wenzetu walibeba mikeka na kuku. Mimi nilibeba sufuria, sukari na kichupa cha mafuta ya nanaa nilichonunua dukani kwa Mhindi. Mafuta yale nayajua vizuri. Ukiyaangalia utadhani maji, lakini yamimine majini uone: yanaelea juu. Ukiyatia sufuria ikiwa motoni, harufu yote inaondoka na mvuke, unabaki na sukari tupu. Epua kwanza, shira ipoe kidogo, ndipo udondoshe matone mawili. La tatu linawasha ulimi. Mwenye kuumwa kichwa mpake tone moja, paji lake linapoa kama limepulizwa. Na mtu akimumunya peremende yangu, huna haja ya kumuuliza. Pumzi yake inamsema.

Siku ile Salehe alikuwa mtoni anaziba mtumbwi. Kesho yake alfajiri, yeye na wenzake sita wangeondoka kwenda milimani, Umatumbi, kupigana na Wajerumani. Mdogo wake, Abdala, alikwishatangulia. Wote walinyunyiziwa ile dawa ya maji, ili risasi isiwapate. Mimi niliiamini? Niliendelea kukoroga shira yangu, basi.

Naepua sufuria, nainua macho, Abdala amesimama uani.

"Hodi, shemeji."

"Karibu! Umerudi lini? Kaka yako yuko mtoni."

"Kifua kinaniwaka. Nipake yale mafuta yako."

Akafunua kifua. Damu haikuwepo, niamini. Palikuwa na alama nyeusi tu, ndogo kama kifungo. Nikampaka kwa vidole viwili. Vidole vyangu vikapoa kama kawaida. Yeye akatikisa kichwa.

"Bado kinawaka."

Nikaongeza, nikaongeza tena, kiasi ambacho mtu mwingine angeruka kwa mwasho. Hakushtuka. Nikampa peremende ya jana, akaitia kinywani, akanisogelea.

"Mwambie kaka asiende. Maji ni maji tu, shemeji."

Hapo mwili ukanisisimka. Mdomo wake ulikuwa shibiri moja na pua yangu, peremende imo ndani, nami sisikii harufu hata chembe. Itanukaje bila pumzi? Nikakitazama kile kifua. Hakipandi, hakishuki.

Akafungua mdomo aseme tena. Nikapiga ukelele. Akanitazama, akageuka, akapita uani taratibu, akaingia kwenye mikoko.

Salehe alifika mbio, kwa njia ile ile, wala hakupishana na mtu. Nilipomweleza akacheka. "Jua limekupiga, mke wangu."

"Nuse vidole hivi," nikamwambia.

Akanusa. Kichupa kilikuwa nusu, ua mzima unanukia nanaa, na kiganja changu pia. Vile vidole viwili tu vilikuwa havina harufu yoyote. Salehe alikuwa anajua kwamba mafuta yale hayatoki mkononi hata ukisugua kwa majivu. Akaketi chini.

"Aliniita kaka?"

"Alikuita kaka."

Alfajiri wale sita waliondoka bila yeye. Walimwita mwanamke, tena mbele yangu. Baada ya siku nane akarudi mmoja wao, peke yake. Yeye ndiye aliyetuambia kwamba Abdala alipigwa risasi ya kifua, siku mbili kabla hajasimama uani kwangu.

Mimi sasa ni mzee, na vidole hivi viwili bado ni vya baridi. Shika uone. Hata nikipaa samaki, havishiki harufu.

Kwa hiyo nisikilize. Akikujia mtu usiyeisikia pumzi yake, usipige kelele kama mimi. Kaza moyo, mwache amalize maneno yake. Abdala alikuwa na neno jingine mdomoni, nami nikamkatiza. Wajane watano wa Mbuchi waliniuliza lilikuwa neno gani, na kila mmoja nilimjibu sijui.