Kwa Nini Gari la Binti Yangu Halingurumi

Inasemwa mtaani kwamba nilimfuata binti yangu gereji nikamzuia kwa machozi asibadilishe ekzosi ya gari lake jipya. Wengine wametia chumvi: eti gari lenyewe kahongwa, na aliyemhonga ndiye aliyekataza. Nimefundisha sarufi miaka thelathini na miwili. Nitayanyoosha haya kama nilivyokuwa nikinyoosha insha mbovu, kisha basi.

Gari ni la binti yangu. Ni muuguzi wa chumba cha upasuaji, yule anayemkabidhi daktari mkasi na kuhesabu pamba kabla mgonjwa hajashonwa. Amelinunua kwa jasho lake: gari la spoti, jekundu, milango miwili, viti bado vinanukia ngozi mpya. Mwanamume pekee aliyehusika ni yule aliyemwandikia risiti.

Kilichomuudhi ni sauti. Ukiliwasha, halisikiki zaidi ya feni. Akataka sailensa itolewe, liwekwe bomba la wazi, lingurume.

"Huo ni uhuni," nilimwambia mezani. "Nyumba hii haijawahi kumpigia mtu kelele."

"Ndiyo maana, Mama. Nimechoka kusukuma."

Nilielewa anachosema. Marehemu mume wangu, mwalimu mkuu, alikuwa na gari kuukuu. Ekzosi yake ilipokatika, likawa linanguruma kama trekta, na kipuri kikakosekana miezi minne mizima. Kila alfajiri alilisukuma kutoka getini hadi barabara kuu, ndipo aliwashe, majirani wasiamke. Yeye na tai yake, na binti yetu, darasa la sita wakati huo, pembeni yake na sare za shule. Mimi nilishika usukani nikijivuna. Niliamini mtaa mzima unaona jinsi tulivyo watu wa staha. Tukifika barabarani ananipokea usukani, kashalowa jasho, hanung'uniki.

Jumamosi moja tukaenda kwa shemeji yangu, mdogo wake marehemu, fundi wa ekzosi. Nilikwenda kumzuia binti yangu. Hilo peke yake ni kweli. Gari lilikuwa limeshainuliwa, shemeji yuko chini yake, grenda ya kukatia chuma mkononi.

"Mwanangu, nikipitisha hii, waranti imekwenda na maji," alisema. "Waliokuuzia hawatakusikiliza hata ugaegae."

"Kata, baba mdogo."

"Asikate," nilisema.

"Haya, semeni moja. Au nikate nusu, mgawane?"

Kwenye benchi alikaa karani mstaafu, jirani yetu wa nyumba ya mkabala, akisubiri bomba la gari lake lichomelewe. Akacheka.

"Mwachie mtoto, mama mwalimu. Hili angalau lina mafuta."

"Una maana gani?"

"Si lile la mzee! Kila asubuhi mnasukuma. Mke wangu na mimi tunaitana dirishani: njoo uone, mwalimu mkuu kaishiwa petroli tena! Tulimpa jina, Tangi Tupu. Jamani, tulicheka mbavu hatuna. Na majirani wote vilevile."

Wala hakuwa na ubaya usoni, na hilo ndilo lililonichoma. Alisimulia kama mtu anayekumbuka harusi. Miezi minne mume wangu anavunjika mgongo ili huyu bwana alale, na huyu bwana yuko dirishani anamcheka. Mwalimu mkuu! Damu ilinipanda mpaka masikio yakaziba.

"Shemeji," nilisema, "kata."

"Ati?"

"Kata! Toa sailensa yote. Weka bomba kubwa kuliko yote uliyo nayo humu. Huyu alale analisikia, aamke analisikia."

"Hee! Mama mwalimu, ulikuwa utani tu," karani akasema.

"Kata, shemeji!"

Shemeji akawasha grenda. Binti yangu, aliyeniganda wiki mbili kwa ajili ya bomba hilo hilo, akamshika mkono.

"Zima, baba mdogo." Kisha akanigeukia. "Baba alikuwa anajua, Mama."

"Anajua nini?"

"Kwamba wanatucheka. Niliwaona dirishani, nikamwambia. Akaniambia, 'Hao wanaocheka wameshaamka. Wewe sukuma, kuna waliolala.'"

Grenda ilizunguka, ikapungua, ikasimama. Karani aliangalia viatu vyake.

"Nilitaka wanisikie," binti yangu akasema. "Sasa mmoja wao huyu hapa, na sioni la kumwambia. Lishushe gari, baba mdogo."

Likashushwa. Akaliwasha, na kwenye kelele za gereji ile halikusikika kabisa.

Kwa hiyo ieleweke. Aliyetaka kelele mwishoni ni mimi, mjane wa mwalimu mkuu, mwenye akili zangu timamu, bila chozi hata moja. Aliyekataa ni mwenye gari. Yeye, machungu ya kuchekwa yamemtoka moyoni. Mimi hayajanitoka, na kila asubuhi gari lile linapopita kimya mbele ya dirisha la karani, nasaga meno. Mkitaka kujua kama salamu zake naziitikia, hilo ni langu. Nimemaliza, na mtu asibishe hodi kwangu kuniuliza tena.