Tafadhali Tatu za Fes

Koti halikuibiwa. Kwa miaka miwili nimesema liliibiwa. Nimesema kwa Kiswahili, nimesema kwa Kiingereza, na mara moja nimeapa kabisa, nikiwa nimekaa kati ya cherehani mbili na wateja wasiopungua sita. Ukweli ni kwamba nililitoa mwenyewe, mchana kweupe, kwa ukarimu ambao sikujua kama ninao.

Koti lilikuwa la rafiki yangu, mama mmoja fundi cherehani kutoka Bukavu mwenye duka Rosettenville, kusini mwa Johannesburg. Lilikuwa la kitenge, lenye bitana ya satini, na alilitundika dirishani ili wapita njia waone anachoweza. Nilipomwambia nakwenda Moroko kutazama miji ya kale, alilivua kwenye sanamu ya dirishani akanivisha.

"Ulitembeze, Prof," alisema. "Barabu baone kazi." Kwao Bukavu, watu ni batu na Waarabu ni Barabu.

Ananiita Prof ingawa sijawahi kuwa profesa. Niliwahi kufundisha kidogo chuoni, na tasnifu yangu ilihusu maneno ya Kiswahili yaliyotoka katika Kiarabu. Msiba wote ulianzia kwenye tasnifu hiyo. Fundi aliponiuliza nitaongea vipi na watu wa huko, nilicheka kwa dharau ya kisomi.

"Nusu ya lugha yao ninayo mdomoni tayari," nilimjibu.

Marrakesh ilinidanganya kwamba ni kweli. Nilisema "sukari" mkahawani, sukari ikaja. Nilisema "sabuni" hotelini, sabuni ikaja. Sokoni nilimwambia muuza makubadhi ya ngozi, "Ghali!" naye akaumia kana kwamba tumezaliwa tumbo moja. Hesabu ndiyo ilinipa taabu kidogo, maana kati ya namba ndogo niliziamini sita, saba na tisa tu. Kwa hiyo nilirudi hotelini na jozi sita za makubadhi, mimi mwenye miguu miwili kama watu wengine. Nilipiga picha kila mlango wa kale niliouona. Mmoja niliupiga kwa unyenyekevu mkubwa, nikarudi nyuma ili upatikane wote, mpaka akatoka mzee anafunga mkanda. Kilikuwa choo cha umma.

Kisha nikapanda treni kwenda Fes, kichwa kimevimba.

Mji wa kale wa Fes una vichochoro vyembamba kiasi kwamba mkikutana na punda mwenye mzigo, lazima mmoja wenu awe na adabu. Wenye punda hupiga kelele "Balak!" yaani jihadhari, pisha njia. Mimi nilisikia "balaa". Nikasimama katikati ya njia nikageuka kuuliza ni balaa gani. Punda akanijibu kwa bega.

Nilijiondoa ukutani, nikajifuta vumbi, nikaingia kwenye kichochoro cha wauza nyuzi. Kulikuwa na kibanda cha mwanamke mwenzangu, wa makamo yangu, mwenye miwani, amezungukwa na nyuzi za hariri za kila rangi. Jua lilikuwa limepanda, nikavua koti na kuliweka juu ya meza yake ili ninywe maji. Nilipoteremsha chupa, koti lilikuwa mikononi mwake.

Sikumwogopa yeye. Nilimwogopa fundi.

"Tafadhali," nikasema, nikinyoosha kiganja kuelekea koti.

Akashtuka. Akalikumbatia kifuani, akatikisa kichwa. "La, la."

Neno hilo nalijua. La ni la. Amekataa kunirudishia.

"Tafadhali, mama," nikasema kwa sauti zaidi.

"La, la, la!" Macho yake yalikuwa yameanza kulowa, nami nikashangaa mwizi gani huyu analia.

"Tafadhali!" Hiyo ilikuwa ya tatu, na niliitoa huku mkono wangu uko moyoni, ili aone uchungu wangu.

Akanitazama. Akauliza polepole, "Hadiyya?"

Nikasikia hadaa. Kumbe ananituhumu kwamba namlaghai kuhusu koti langu mwenyewe!

"Hakuna hadaa," nikamhakikishia, nikiitikia kwa kichwa mara nyingi. "Ni kweli kabisa!"

Alizunguka meza akanibusu mashavu yote mawili. Akawaita majirani. Wakaja, wakanipongeza, mmoja akaleta kigoda, mwingine chai ya mnanaa. Niliinywa yote, nikingoja sherehe iishe nipewe koti langu. Lilikuwa limeshakunjwa vizuri na kuwekwa chini ya meza. Nilipoaga, aliniwekea mkononi kibunda cha uzi wa kijani, akanisindikiza mpaka njia panda.

Nilifika nyumba ya wageni nikitaka polisi. Kijana wa mapokezi, aliyesema Kiingereza kizuri, alinisikiliza kwa makini.

"Ulimwambia nini hasa, bibie?"

"Tafadhali."

"Tafaddali?"

"Mara tatu."

Aliweka kalamu chini. Akanieleza taratibu, kama anavyoelezwa mgonjwa, kwamba kwao neno hilo si la kuomba. Ni la kukaribisha: chukua, ni lako. Na kwa kuwa nilimwambia mwanamke, nililitamka bila kosa lolote la sarufi. Yule mama alikataa mara mbili kwa heshima. Ya tatu ingekuwa kunitukana. Ndipo akauliza kama ni hidaya, zawadi, nami nikaitikia.

Katika tasnifu yangu neno tafadhali lina aya nzima. Msimamizi wangu aliisifu.

Kijana alijitolea kwenda nami asubuhi kumweleza. Nilifikiria uso wa yule mama akifungua kunjo lile na kulirudisha mbele ya majirani walewale. Nikasema haidhuru. Kesho yake nilipita vichochoro vingine.

Ningeweza kumsimulia fundi hivyo hivyo. Lakini ningelazimika kusema kwamba Kiarabu changu ni cha sukari na sabuni. Aliponiuliza koti liko wapi, nikajibu limeibiwa.

Johannesburg hadithi ya kuibiwa haiombwi ushahidi. Kila mtu dukani alikuwa na yake, na walinipokea kama mwanachama mpya. Walikuwa wangapi? Wawili, nikasema. Walikuwa na kisu? Nikasema sikukiona vizuri. Ilipofika kwenye saluni moja mjini, hadithi yangu ilikuwa na pikipiki. Sisi tuliohamia hapa, tunaoambiwa kila siku, kwenye foleni na kwenye teksi, kwamba wageni ni wezi, tulikaa pale tukalitia taifa zima wizini kwa sababu ya koti moja. Nami nikanywa soda yao ya pole.

Kisha binti yake fundi, wa pekee, akapata nafasi ya chuo. Ufamasia, amelipiwa kila kitu, mji wa Fes.

"Haendi," alisema fundi, akikanyaga cherehani. "Miye nilikimbia bezi ba bunduki mpaka hapa. Nimutume mutoto kwa bezi bengine? Prof mwenyewe alibaona."

Prof mwenyewe alitazama sakafu.

Binti alinisindikiza kwenda kupanda teksi. Amezaliwa hapa, Kiswahili anakisikia vizuri, kukisema anachagua maneno kama anayevuka matope. Tulisimama kwenye roboti, jina la hapa la taa za barabarani.

"Eish, anti. Ijumaa ndiyo mwisho wa kujibu. Wewe umefika kule. Kweli wote wezi?"

Roboti ikawaka kijani. Nikavuka kuiwahi teksi.

Jumatano nilikwenda dukani kusema, nikaishia kuagiza sketi. Alhamisi sikufika hata huko. Niliketi kitandani, nikapiga simu.

Nilimweleza yote, tafadhali ya kwanza mpaka ya tatu. Cherehani iliyokuwa ikilia nyuma yake ilinyamaza. Nilingoja acheke. Hakucheka.

"Miaka mbili, Prof."

"Miaka miwili, dada. Nisamehe."

Akauliza, "Huyo mwanamuke, koti alilishika namna gani?"

Swali hilo sikulitegemea. Nilifumba macho nikakumbuka. "Kwanza aligeuza ndani nje. Akapitisha kidole kwenye mshono wa kwapa. Halafu akaangalia mahali bitana inapokutana na upindo. Mbele hakuangalia kabisa."

"Kwapa ya kuume ao ya kushoto?"

"Zote mbili."

Nilimsikia akivuta pumzi. "Mwizi anaangalia mbele," alisema. "Ule ni fundi."

Akaondoa simu mdomoni, akaita kwa sauti, "Kuya hapa! Andikia bale batu ya chuo. Ambia unaenda."

Ukapigwa ukelele wa "Yoh, Mama!" na kitu kikaanguka, kama sanduku la vifungo.

"Na weye," akanirudia, "bateja bangu bote banajua miye nasema kule ni bezi. Kesho kutwa utakuja kubaambia, mumoja-mumoja, kwa kinywa chako."

"Saa ngapi?"

"Saa ine asubuhi. Jumamosi saa ine banajaa."

Akakata simu.